Daktari wa darubini na saratani iliyochorewa mpaka mlimani

Dagaa wa Mwanza wanaouzwa Gitega hupanda mlima. Gari hutoka kando ya Ziwa Victoria, kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei, likapita Ngara na Kabanga, likakaguliwa Kobero, likapanda hadi Muyinga na hatimaye kuingia Gitega, mji ulio kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wafanyabiashara wa njia hii wanaijua kwa vituo vya ukaguzi, bei ya mafuta na matope ya masika. Wachache wanajua kwamba humo njiani wanavuka mpaka mwingine, usio na bendera wala forodha.

Mpaka huo ulichorwa kuanzia mwaka 1961 na madaktari waliokuwa wakifanya kazi Uganda. Chini yake, katika mabonde yenye joto na mvua, watoto walikuwa wakiugua saratani ya kutisha iliyovimbisha taya na tumbo kwa siku chache. Juu yake, katika nyanda za baridi kama zile za Burundi na Rwanda, saratani hiyo ilionekana kwa nadra.

Ugonjwa wenyewe unaitwa limfoma ya Burkitt, kwa jina la daktari mpasuaji aliyeutangaza. Lakini kujua kwa uhakika kwamba uvimbe huu ni ugonjwa mmoja, tena wa seli za damu, ilikuwa kazi ya watu wasioonekana wodini: madaktari wa patholojia, wale wanaosoma nyama na damu ya mgonjwa kwa darubini. Mmoja wao ni Mwingereza Dennis Wright, aliyeanza kazi hiyo Makerere, Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaifanya kuwa kazi ya maisha yake.

Kazi yake inastahili kujulikana na watu wa mpakani kwa sababu moja. Mtoto mwenye saratani hii hupona au hufa kulingana na siku zinazopita kabla mtu wa darubini hajatoa jibu lake. Siku hizo mara nyingi hupotea njiani, na njia ndiyo makazi ya mfanyabiashara.

Watoto wa Mulago na Jinja

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali, na wengi hawakutegemea kwamba angekuwa mpasuaji. Alifika Uganda mwaka 1946, akapangiwa Lira, kisha akahamia hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa umri wa miaka kama mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini, na meno yamelegea. Haikufanana na jipu la jino wala na uvimbe wa kawaida, kwa kuwa uvimbe wa kawaida huanzia mahali pamoja. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alipompima alikuta pia uvimbe tumboni.

Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu tu, lakini wawili walimfanya afungue majalada. Humo akakuta wengine wengi waliokuwa wameandikiwa magonjwa tofauti tofauti: huyu saratani ya taya, yule ya figo, yule ya ovari, yule ya jicho. Mwaka 1958 aliandika ripoti yake ya kwanza na kuuita ugonjwa huo sakoma ya taya. Ripoti haikuvuta watu wengi, na jina lenyewe lilikuwa na kasoro.

Kasoro hiyo ilionekana katika jengo la patholojia. Makerere ilikuwa imeanza kuweka daftari la wagonjwa wa saratani wa Kampala katika miaka ya 1950, chini ya Profesa Jack Davies. Yeye na Mmarekani Gregory O'Conor walipopitia vipande vya nyama vya watoto vilivyohifadhiwa, walikuta kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto zilikuwa za aina moja, limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za kinga zinazokaa kwenye damu na tezi. Matokeo yao yalitoka mwaka 1960 na 1961. Uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo ukawa ugonjwa mmoja.

Gari kuukuu na maswali ya sokoni

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huu unaanzia wapi na kuishia wapi. Alifanya kama afanyavyo mfanyabiashara anayetafuta bei: aliuliza. Alituma hospitali za Afrika vikaratasi zaidi ya 1,000 vyenye picha za watoto wagonjwa, akiuliza kama wamewahi kuona kitu kama hicho.

Kisha akaenda kuona kwa macho. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva huko West Nile na Mkanada Cliff Nelson. Walipanda gari la Ford la mwaka 1954 lililonunuliwa mkononi kwa pauni 250. Kwa muda wa wiki 10 walisafiri kilomita zipatazo 16,000, wakipita Kenya na Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakisimama kwenye hospitali zaidi ya 50. Kila mahali swali lilikuwa lilelile, na kila jibu liliwekwa kwenye ramani.

Ramani ilitoa jambo lisilotarajiwa. Karibu na ikweta uvimbe huu ulikuwa haupandi zaidi ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, kwenye baridi zaidi, mstari huo ulishuka. Mahali pakavu sana pia ugonjwa haukuonekana. Kando ya maziwa, kwenye mabonde ya mito na pwani ulikuwepo. Nyanda za juu za Kenya, Rwanda na Burundi zilibaki karibu tupu. Visiwa vya Unguja na Pemba navyo vilikuwa karibu vitupu, ingawa viko usawa wa bahari na vina joto. Huko mapambano dhidi ya malaria yalikuwa yamepiga hatua kubwa.

Mtaalamu wa wadudu na virusi Alexander Haddow, wa Entebbe, alipoitazama ramani aliona kwamba inafanana na ramani ya joto na mvua vinavyofaa mbu. Watu wengi wakadhani mbu anabeba virusi vya saratani. Baadaye ilijulikana kwamba mbu ana hatia kweli, ila kwa njia nyingine: analeta malaria.

Kioo chenye nyota

Wright aliingia katika kazi hii akiwa daktari kijana wa patholojia Makerere. Ramani ilisema ugonjwa uko wapi. Yeye alitakiwa kusema ni nini hasa, na ataujuaje daktari mwingine aliye mbali na Kampala.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona kazi hii, inafanyika hivi. Kipande kidogo cha nyama hukatwa kwenye uvimbe na kutumbukizwa mara moja katika chupa ya fomalini ili kisioze. Maabara hukikausha maji, hukizamisha katika nta ya moto, na nta ikiganda hubaki tofali dogo lenye nyama ndani. Mashine yenye wembe hukata tofali hilo ukanda mwembamba mno, wa unene wa sehemu 3 hadi 5 za elfu moja ya milimita. Ukanda huwekwa juu ya kioo, hutiwa rangi ya zambarau na waridi, ndipo daktari huusoma. Mnunuzi wa kahawa wa Muyinga humenya punje ajue ubora wa gunia zima. Daktari wa patholojia hufanya vivyo hivyo kwa nyama ya mtu, ila kosa lake haliwezi kurudishwa dukani.

Katika limfoma ya Burkitt kioo huonyesha seli za rangi nzito, zenye ukubwa unaolingana, zimebanana kama mchanga. Katikati yake hutawanyika seli kubwa nyeupe zinazokula mabaki ya seli zilizokufa. Ukiangalia kwa mbali ni kama anga la usiku lenye nyota. Lakini anga hilo linaweza kuonekana katika saratani nyingine zinazokua kwa kasi, kwa hiyo halitoshi peke yake.

Wright aliongeza njia ya pili, rahisi na ya haraka. Kabla nyama haijaingia katika fomalini, aliigusisha kwenye kioo safi ili seli zinate, kisha akazipaka rangi zilezile zinazotumika kusoma damu. Hapo seli zilionyesha utando wa buluu nzito uliotobokatoboka matundu madogo ya mviringo, na rangi maalumu zilionyesha kwamba matundu hayo yana mafuta. Mwaka 1963 alichapisha uchunguzi wake wa seli hizo. Sasa daktari popote alikuwa na alama za kuutambua ugonjwa, hata kama mgonjwa hana uvimbe wa taya.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana mwaka 1966, Wright alipolinganisha na vioo vya watoto wa Uingereza waliokuwa wameandikiwa limfosakoma. Baadhi yao walikuwa na ugonjwa uleule wa Kampala. Haukuwa ugonjwa wa Waafrika. Ulikuwa ugonjwa wa dunia nzima, uliokuwa mwingi zaidi Afrika ya joto. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo ya kitaalamu yanayoutambua kwa sura ya seli zake, bila kujali mgonjwa anatoka wapi au amevimba wapi. Mwaka 1970 Burkitt na Wright walitoa kitabu kizima juu yake.

Chupa iliyochelewa kwa sababu ya ukungu

Kipande cha nyama kinaweza pia kusafiri. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti Anthony Epstein. Walikubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitapelekwa kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakuna kilichopatikana. Mnamo Desemba 1963 ndege iliyobeba chupa moja ilikuta London imefunikwa na ukungu, ikageuziwa Manchester. Chupa ilifika maabara ikiwa imechelewa, na maji yake yamechafuka kama maji yaliyoingiwa na vijidudu. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa darubini. Uchafu ule ulikuwa seli za saratani zilizojitenga na nyama zikiwa hai. Zilistawi maabara, na ndani yake darubini ya elektroni ikaonyesha virusi visivyojulikana. Machi 1964, Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walivitangaza. Ndivyo virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Virusi hivi huambukizwa kwa mate, na karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki huvipata akiwa mdogo sana bila kuugua. Ili kujua uhusiano wake na saratani, wataalamu walichukua damu ya watoto 42,000 wa West Nile, Uganda, katika miaka ya 1970, wakawafuatilia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba watoto waliokuwa na kinga nyingi mno dhidi ya virusi hivyo ndio waliokuwa hatarini zaidi kupata limfoma.

Leo picha inaeleweka hivi. Virusi hukaa ndani ya seli za kinga. Malaria ikimpata mtoto mara kwa mara, seli hizo hulazimika kuzaliana upesi na kukatakata kanuni zao za urithi ili kutengeneza silaha mpya. Katika haraka hiyo, siku moja kipande cha kromosomu ya 8 huhamia mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Swichi inayoamuru seli igawanyike hukwama ikiwa imewashwa. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Ugonjwa unaoua upesi na kupona upesi

Kasi hiyo ndiyo hatari ya ugonjwa huu, na ndiyo udhaifu wake pia. Dawa za saratani huua zaidi seli zinazogawanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Burkitt, ambaye hakuwa na mashine za mionzi Kampala, alianza kuwapa watoto dawa kama methotreksati na saiklofosfamidi. Uvimbe uliokuwa umefunika uso uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto hawakuugua tena. Nchini Kenya daktari Peter Clifford alikuwa akipata matokeo yanayofanana. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuonekana zikipona kwa dawa peke yake.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, na kutoka hapo ikakua Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mmarekani John Ziegler alikuwa mkuu wake wa kwanza, na Charles Olweny akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza.

Bila dawa, mtoto hufa kwa wiki au miezi michache. Katika nchi tajiri, takribani watoto 9 kati ya 10 hupona. Katika eneo letu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu kubwa si kwamba ugonjwa wetu ni mwingine. Watoto huchelewa kufika, majibu ya darubini huchelewa kutoka, na wazazi huishiwa nauli na kuacha matibabu katikati.

Kutoka Makerere hadi Southampton

Wright alirudi Uingereza, na baadaye akawa profesa wa patholojia katika Chuo Kikuu cha Southampton. Alichojifunza Kampala alikwenda nacho: usikubali jina la ugonjwa kwa sababu limezoeleka, tazama seli inatoka wapi.

Mwaka 1983 yeye na mwenzake Peter Isaacson walieleza limfoma nyingine iliyokuwa imefichwa na majina ya zamani. Hii huota kwenye ngozi laini ya ndani ya tumbo. Miaka michache baadaye Isaacson na wenzake walionyesha kwamba ile ya tumboni huchochewa na bakteria wa vidonda vya tumbo, na kwamba baadhi ya wagonjwa hupona kwa antibiotiki za kumwondoa bakteria huyo. Saratani iliyokuwa ikikatiwa tumbo zima ikapata tiba ya vidonge.

Kwa hiyo kazi iliyoanza kwa kugusisha nyama ya mtoto wa Uganda kwenye kioo iliishia kumnufaisha mzee wa Ulaya mwenye maumivu ya tumbo.

Mlima si ngome tena

Turudi kwenye mstari wa mita 1,500. Gitega iko karibu juu ya mstari wenyewe, na Muyinga iko juu zaidi. Kwa hesabu ya mwaka 1961, mtoto aliyezaliwa na kukulia huko alikuwa salama kuliko wa uwanda wa Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, au wa Mwanza. Lakini mstari ule haukulindwa na mlima. Ulilindwa na baridi iliyomzuia mbu.

Kinga hiyo imetoboka. Kati ya mwaka 2000 na 2001 malaria ilishambulia nyanda za juu za Burundi, ikipiga vibaya mikoa kama Kayanza, Ngozi na Karuzi, kwa watu ambao miili yao haikuizoea. Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza tena mlipuko wa malaria. Hali ya hewa, kilimo cha mpunga mabondeni na dawa zilizozoeleka na vimelea vyote vimetajwa kuwa sababu.

Tena watu hawakai mahali pamoja. Mama anayeuza vitenge huenda na mwanawe Ngara kwa wiki mbili. Familia zimeishi kambini Tanzania miaka na kurudi. Mtoto anayepimwa Muyinga leo huenda alikulia bondeni. Muuguzi akisema "huku kwetu ugonjwa huo haupo" atakuwa anasoma ramani ya zamani.

Kinga ya kwanza basi ni ileile ya malaria: chandarua kilichotiwa dawa, hata safarini, na kupima homa mapema badala ya kununua vidonge vya kubahatisha. Haizuii kila limfoma, ila inamwondolea mtoto mzigo unaojulikana.

Dalili ambazo hazisubiri siku ya soko

Ugonjwa huu hushika zaidi watoto wa miaka 4 hadi 9, wavulana zaidi ya wasichana. Mzazi, dereva au mwenye duka anayeona dalili zifuatazo asingoje:

Taya au shavu linalovimba na kuongezeka wiki hii kuliko iliyopita, hasa likiwa na meno yanayolegea bila kutoboka.

Jicho linalotokeza nje.

Tumbo linalojaa na kuwa gumu ndani ya siku chache, pengine bila maumivu makali.

Miguu inayolegea ghafla, au mtoto anayeshindwa kukojoa.

Wengi hupelekwa kwanza kung'olewa jino. Jino likitoka na uvimbe ukabaki au ukazidi, lile halikuwa jino. Mwambie mganga wa kituo waziwazi: uvimbe huu unakua kila siku, naomba mtoto apelekwe hospitali inayoweza kuchukua kipande cha kupima.

Tangu Mei 2006 Burundi hutibu watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo katika vituo vya umma, na kwa hao hakuna sababu ya kuchelewa kufika mlangoni. Lakini wengi wanaopata limfoma hii wameshavuka miaka mitano, na familia hujikuta inauza mbuzi ili kulipia safari. Hapa ndipo chama cha wauza samaki au kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kuokoa maisha kwa faranga chache za kila mwanachama. Matibabu yenyewe huenda kwa mizunguko ya wiki kadhaa, na nauli ya mzunguko wa tatu ndiyo huwashinda wengi. Uvimbe ukiyeyuka kwa dawa ya kwanza mtoto bado hajapona. Akiachishwa hapo, ugonjwa hurudi.

Unapovuka mpaka kutafuta tiba

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, iligawana vituo vya ubora vya tiba na mafunzo. Tanzania ilipewa moyo, Kenya figo, Rwanda uhandisi wa vifaa vya tiba, Burundi lishe, na Uganda saratani, katika taasisi ileile iliyozaliwa na limfoma ya watoto. Kwa wanaopita Kobero, hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza ndiyo iko kwenye njia ya dagaa, na Dar es Salaam kuna Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Rwanda ina kituo cha Butaro kilichofunguliwa mwaka 2012, ingawa safari ya huko hutegemea hali ya mpaka.

Kabla ya kuondoka, ombeni vitu vitatu hospitali iliyoanza kumpima mtoto: barua ya rufaa, ripoti ya patholojia iliyoandikwa, na ikiwezekana tofali la nta na vioo vyenyewe. Tofali la nta hukaa miaka bila kuharibika, na daktari wa upande wa pili anaweza kulikata upya na kulisoma bila kumpasua mtoto tena. Pasipo hilo, hospitali mpya huanza upya, na kwa uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, wiki moja ya kuanza upya ni ghali kuliko nauli.

Ukiombwa na hospitali kubeba sampuli, hakikisha ina barua, jina, umri na mahali ilipotolewa, na kwamba chupa imefungwa na imejaa fomalini ya kutosha, mara 10 ya nyama yenyewe. Usiiweke kwenye barafu pamoja na samaki, na usiongeze kitu ndani. Kisha uifikishe siku hiyohiyo, kabla ya kwenda sokoni.

Madaktari wa patholojia ni wachache mno katika ukanda huu, na anayesoma kioo cha mtoto wa Gitega huenda hatamwona mtoto huyo kamwe. Anachokiona ni kile kilichomfikia, na kwa siku kilipomfikia. Darubini hufanya kazi yake kwa dakika chache. Siku zinazopotea ni zile za kabla yake, kati ya nyumbani, kituo cha afya na stendi, na hizo zinaweza kupunguzwa na mtu yeyote anayeijua barabara.